Viti vya Angahewa

Mama Arlène alijua tangu Jumapili ya kwanza kwamba Pasta Thierry anasema upuuzi. Hilo tuliweke wazi mapema, maana baadaye mambo yalipoharibika kuna waliosema maskini, naye alidanganywa kama wengine. Hakudanganywa hata kidogo. Alisoma biokemia sekondari kule Bukavu, akafaulu mtihani wa serikali, na mpaka leo angeweza kukuchorea angahewa yote kwa chaki, kuanzia ardhini mpaka mahali hewa inapokwisha. Alijua, akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa na sababu.

Kanisa lenyewe halikuwa na jengo. Kila Jumapili lilipanga chumba katika shule moja ya Kensington, Johannesburg, tena si ukumbi, kwa sababu ukumbi ulikwisha kuchukuliwa na kanisa lingine lenye spika kubwa zaidi. Wao walipewa maabara ya sayansi. Walimsifu Mungu katikati ya masinki na mabomba ya gesi, na pembeni ilisimama sanamu ya mifupa ya binadamu, imefunikwa shuka ili isiwatishe wageni.

Ukutani, nyuma ya mhubiri, kulikuwa na bango kubwa la wanafunzi. Juu lilionyesha tabaka za hewa zimepandana kama keki ya harusi, kila moja na rangi yake: tropo chini kabisa, kisha strato, meso, thermo, na exo kule juu. Pembeni kulikuwa na jua, dunia na mishale. Mishale ya njano ilitoka kwenye jua ikaingia. Mishale myekundu ilitoka ardhini ikapanda, na mingi ikafika mahali, ikakunja shingo, ikarudi chini. Kila mtoto wa shule ile alijua maana yake: jua hupasha ardhi, ardhi hutoa joto, na gesi zilizomo hewani huzuia sehemu ya joto hilo lisipotee. Zisingekuwapo, dunia ingeganda. Zikizidi, dunia inaungua. Lakini maelezo yaliandikwa kwa Kiingereza, na Pasta Thierry, mtu wa Lubumbashi, Kiingereza chake kilikuwa cha kununulia petroli na kubembelezea polisi wa barabarani. Kwa hiyo alisoma picha.

"Bandugu," alisema, kidole kwenye mshale mwekundu, "muko munauliza kila siku juu ya nini maombi yenu haijibiwi. Muangalie. Inapanda. Inafika hapa. Inarudia."

Chumba kikapasuka. Watu waliofunga na kukesha miaka kwa ajili ya makaratasi, ndoa na watoto, waliona kwa macho yao, tena kwenye bango la shule, mahali maombi yao yalipokwama. Mzee mmoja wa Uvira alilia kabisa. Arlène alitazama mishale, akatazama umati, akafungua mdomo aseme. Kisha akamwona pasta akikitupia jicho kiti kilichokuwa wazi mkono wake wa kulia, na mdomo akaufunga.

Kiti hicho kilikuwa cha présidente wa kina mama. Mwenyewe, Mama Clémentine, alikuwa amepata viza ya Kanada na kuondoka na heshima zake zote, na kanisa lilikuwa likimtafuta mrithi.

Usimdhanie Arlène tamaa ya kiti kwa ajili ya kiti. Au mdhanie, hatakosa kuwa nayo, lakini si hiyo peke yake. Mama yake mzazi alikuwa kitandani Bukavu, sukari imemla miguu. Arlène aliishi Johannesburg kwa makaratasi ya ukimbizi, na mtu wa makaratasi hayo akikanyaga Kongo, kurudi ni ndoto. Siku mama akifa, wengine watamzika, na Arlène atalilia Kensington, kwenye fleti ya chumba na sebule. Ndivyo walivyofanya wote. Msiba ukigonga kule, huku unaondoa makochi, unatandika magodoro sakafuni, na watu wanakuja kukaa nawe, kula nawe, kulala nawe, mpaka machozi yachoke. Ndiyo matanga. Na matanga, wacha tusidanganyane, yana wakubwa na wadogo wake.

Arlène aliyaona yote mawili. Mama Clémentine alipofiwa na baba, watu walijaa mpaka kwenye ngazi, kwaya ilikuja na sare, na pasta alivua viatu akaketi chini. Mjane mmoja wa viti vya nyuma alipofiwa na kaka, palikuwa na magodoro matatu na watu wawili. Mmoja wa hao wawili alikuwa Célestine, mwenzake Arlène wa saluni. Kifo cha mama yake, Arlène alikwisha kukipokea moyoni. Kilichomnyima raha ni picha ile ya magodoro matupu. Aliogopa kulia peke yake, na présidente halii peke yake.

Basi mafundisho yakaendelea, na Jumapili iliyofuata viti vilipangwa upya. Waliozoea kukaa popote waligawanywa kwa tabaka. Nyuma kabisa, kwenye viti vya plastiki, ilikuwa Tropo, watu ambao maombi yao hayajavuka hata paa. Mbele yao Strato, viti vya plastiki vile vile lakini vyenye mikono. Kisha Meso, kando ya dirisha lililokosa kioo, ambako mwezi wa Juni watu waliabudu wakiwa na makoti na kofia. Bila kujua, hapo pasta alipatia, maana katika angahewa hakuna mahali baridi kama meso. Thermo walipewa viti vya kitambaa. Na jukwaani, ambako mwalimu huweka meza yake, yalipandishwa makochi mawili yaliyoletwa kila Jumapili kwa bakkie, yaani pikapu: hiyo ndiyo Exo, ya pasta, mkewe, na atakayekuwa présidente.

Hakuna aliyeuliza kwa nini watu walio hai wapigane kufika mahali pasipo na hewa. Mvua, mawingu, ndege, binadamu na mbuzi wake, vyote viko tropo. Arlène alilijua hilo pia. Siku ya kupangwa aliwekwa Strato, akakikalia kiti chake chenye mikono kwa adabu ya bibi harusi.

Célestine aliwekwa Tropo, na aliona ni kichekesho. Yeye na Arlène walikuwa na saluni ya pamoja kwenye barabara kuu ya Kensington, karibu na robot, zile taa za barabarani, viti viwili na kioo kimoja. Walizaliwa mtaa mmoja. Wakati wa vita, mama yake Célestine alipopotea, mama yake Arlène ndiye aliyemchukua akamlea, akimsuka nywele na kumchapa sawasawa na binti yake. Kwenye saluni Célestine alimwigiza pasta na kitana mkononi, akimwambia mteja kwamba rasta zake ziko bado strato, zingoje upako. Wateja walicheka mpaka wakashika mbavu. Arlène alicheka pia, Jumatatu hadi Jumamosi.

Pasta sasa alikuwa na swali: mishale hairudi yenyewe, ni nani anayeirudisha? Bango lilimjibu. Kati ya ardhi na anga yalichorwa mapovu yenye herufi: CO2, CH4, H2O. Akafunua kwamba kila gesi ni mtu. Kila aliyebanwa chini amefunikwa na mtu wake, na hawezi kupanda tabaka mpaka asimame mbele ya kanisa amtaje.

Hapo ndipo ibada zilipokolea. Watu ambao hawakuwahi kuja mapema walianza kuwahi. Walitajwa wenye nyumba, mashemeji, wapishi wa kwaya. Bibi mmoja alimtaja mama mkwe wake aliyeketi kiti cha pili kutoka kwake, na akapandishwa Strato siku hiyo hiyo kwa makofi ya wake wote wa kanisa. CO2 wakawa wasengenyaji. Methani akapewa shemasi mmoja mnene, na hakuna aliyetaka maelezo. Kabla majira hayajabadilika hapakuwa na mtu ambaye hajataja au hajatajwa, na wengi walikuwa yote mawili.

H2O ndiyo iliyomshinda pasta. Maji? Yeye mwenyewe aliwabatiza watu kwa maji. Jumapili nzima alizunguka pembeni ya povu lile bila kuligusa, akikohoa, na kanisa likaanza kunong'ona. Ndipo Arlène akanyoosha mkono.

Alieleza vizuri sana. Alisema mvuke wa maji ndio gesi inayoshika joto kuliko zote angani, na hilo ni kweli tupu, ungeweza kumpa alama zote. Angeketi hapo angekuwa amesema ukweli mmoja katika chumba kile kwa mara ya kwanza. Pasta akamtazama kwa shukrani ya mtu aliyetupiwa kamba mtoni, akamuuliza maji hayo yanatoka wapi kwa binadamu, ni jasho? Arlène alifikiri. Alijua pasta ana magoti mabovu na hapendi kuketi sakafuni. Alijua watu wa Thermo walikwisha kuchoshwa na matanga ya watu wa nyuma, hasa baridi hii, hasa ukimaliza zamu huko Randburg na kesho una zamu.

"Machozi," akasema.

Pasta alifumba macho, akalionja neno hilo kimya kimya, na alipoyafumbua lilikuwa tayari ufunuo wake. Matanga, akatangaza, ni kiwanda cha mvuke. Mtu aliyepanda juu akienda kuketi kwenye machozi ya wengine anajifunika upya. Tangu siku hiyo, kuanzia Meso kwenda juu mtu akisikia msiba atafika mlangoni, ataomba kwa kusimama, kwa kifupi, na kuondoka bila kuketi wala kula. Watu wa juu walipokea neno hilo kwa furaha isiyofichika. Arlène alipandishwa tabaka mbili kwa mpigo, akapita juu ya Meso bila kuonja upepo wake, akatua Thermo.

Alijipa moyo kwamba hajajichimbia shimo. Sheria hiyo, alihesabu, ni ya wadogo. Ikimfikia présidente itajikunja yenyewe, kama sheria zote zinavyojikunja mbele ya wakubwa. Hesabu hiyo haikuwa ya mpumbavu. Wengi wameishi kwa hesabu hiyo na wamezikwa kwa heshima.

Ilibaki hatua moja. Pasta alimwita pembeni akamweleza kwamba Exo haipandwi kwa gesi ya rejareja. Mwenye nyumba hatoshi, shemeji hatoshi. Gesi ya mbali haimfuniki mtu. Amtaje aliye karibu na ngozi yake. Hakutaja jina. Hakuwa na haja, maana habari za kitana zilikwisha kumfikia, na pasta, kwa mtu aliyeishi anga za juu, alikuwa na masikio mazuri sana huku chini.

Arlène hakulala vizuri wiki hiyo, hilo tumpe. Mumewe Emery, mlinzi wa maduka huko Randburg, mtu aliyeitumia Jumapili kulala, alimuuliza ana nini, naye akasema ni tumbo. Kutoka Bukavu walipiga simu kwamba mama sasa hali chakula. Simu hiyo ndiyo iliyomaliza ubishi. Aliona sebule yake na magodoro, akaona mlango, akaona hakuna anayeingia.

Jumapili alisimama, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, na kumtaja Célestine. Alisema kwa miaka yote maombi yake yanafika mahali yanarudi, na anayeyarudisha anashiriki naye kioo. Alisema zaidi ya alivyotumwa: kwamba Célestine humcheka mtumishi wa Mungu mbele ya wateja. Chumba kiligeuka nyuma kwa pamoja kutazama Tropo.

Célestine hakulia, na kwa hali ya mafundisho ilivyokuwa, hiyo iliwavunja moyo wengi. Alifunga sweta yake, akachukua mkoba, akaja mpaka katikati ya chumba.

"Mama anajua?" akauliza.

Célestine alingoja kidogo, kama mtu anayempa mteja nafasi ya kubadili mawazo, kisha akatoka. Jumatatu alikuja na kijana wa bakkie akachukua kiti chake cha saluni. Kioo alikiacha.

Basi Arlène akawa présidente. Alikalia kochi la Exo, miguu haigusi vizuri sakafu, na watu wakamsalimu wa kwanza. Mke wa pasta hakuwa akizungumza na watu, kwa hiyo kule juu palikuwa kimya. Akitaka kumnong'onezea mtu kwamba tai ya shemasi inafanana na soksi, hapakuwa na wa kumnong'onezea. Alijiambia atazoea, na alikuwa ameanza kuzoea pale simu ya Bukavu ilipoita siku ya Alhamisi asubuhi, na aliyekuwa upande wa pili akashindwa kusema, akabaki anapumua tu.

Emery alitoa makochi. Aliazima magodoro kwa jirani Mburundi, akanunua sukari, mkate na majani ya chai kwenye spaza, kiduka cha mtaani, akaomba ruhusa kazini. Arlène aliweka tangazo kwenye kundi la simu la kanisa. Majibu yalimiminika papo hapo: mikono iliyokunjwa, njiwa, mishumaa, pole présidente, Mungu akutie nguvu. Alilala chini kwenye godoro, akajifunika khanga, akangoja miguu kwenye ngazi.

Pasta alifika jioni na watu wa Thermo wanne. Walisimama mlangoni. Arlène aliinuka nusu, akawasogezea nafasi kwenye godoro la mbele, lile zuri, na pasta akalitazama godoro kwa huruma ya kweli. Aliomba. Yalikuwa maombi mafupi, safi, bila jasho. Alisema kwamba kwa jinsi présidente alivyo juu, kumchanganya na mvuke sasa kungekuwa kumwangusha, na wao wanampenda mno hata wasiweze kumfanyia hivyo. Arlène akamwambia, kwa sauti ya chini ili wale wanne wasisikie, kwamba ni mama yake, Papa Pasta, ni mama yake mzazi. Pasta akamgusa bega kwa vidole viwili na kumkumbusha jinsi Roho alivyomtumia yeye mwenyewe kuleta neno hilo. Kisha wakashuka, na chini ulisikika mlango wa gari, na mtu akicheka kitu kingine kabisa.

Kesho yake hakuja mtu. Wa Meso waliogopa kurudi dirishani. Wa Strato waliogopa kupoteza mikono ya viti. Wa Tropo walikuwa na sababu yao, na walikaa nayo nyumbani. Emery alimwaga chai iliyochacha, akachemsha nyingine, akaketi kwenye godoro tupu mkabala na mkewe.

"Wako wapi?" Arlène akamuuliza, kana kwamba amewaficha yeye.

"Si ni ile sheria yako?" Emery alisema, bila ubaya wowote, akampa kikombe.

Arlène alilia hapo, na hakuwa akimlilia marehemu. Alilia kwa aibu, aibu ya mtu mwenye akili aliyeitumia akili yake yote kujitengenezea upweke. Hakuwa hata na wa kumlaumu. Pasta alikosea kwa kutojua Kiingereza. Yeye alikosea kwa kujua.

Jumamosi mchana alichukua simu akampigia Célestine. Ilipokelewa upesi, na nyuma ukasikika mlio wa mashine ya kukaushia nywele.

"Mama amekufa," alisema Arlène.

"Nilisikia tangu ile siku." Mashine ilizimwa. "Nilikuwa nangoja uniambie weye. Présidente haitembelewake bila kuitwa."

Ikakatika. Arlène hakujua kama hilo lilikuwa ndiyo au hapana, na alibaki ameishika simu mpaka ikapata joto la mkono wake.

Walikuja jua likiwa bado juu. Célestine alitangulia, na nyuma yake Tropo nzima: yule mjane wa magodoro matatu, mama mkwe aliyetajwa, shemasi wa methani na mfuko wa makaa begani, wanawake wenye masufuria, mablanketi, watoto. Ngazi zilijaa. Majirani walifungua milango kuangalia. Arlène aliinuka kwa magoti, akanyoosha mikono yote miwili kuomba msamaha.

Célestine alivua viatu. Aliipita ile mikono iliyonyooshwa, akaenda kwenye godoro la mbele, akaketi, akafunua kichwa.

"Sikukuya juu yako," akasema. "Nilikuya juu ya mama."

Kisha akaangua kilio. Alimlilia yule bibi kwa majina yake yote, lile la ubatizo na lile la utani la mtaani. Aliwalilia samaki wadogo wa Kivu waliomkuza na mkono uliomchapa, na chumba kizima kikapokea. Wanawake walilia mpaka madirisha ya ile fleti yakafunga ukungu. Yalikuwa matanga makubwa kuliko ya Mama Clémentine. Hakuna aliyebaki amesimama.

Na kila aliyeingia, kwa kuwa ndivyo desturi inavyotaka, alikwenda kwanza kwa binti wa marehemu kumpa mkono na pole. Walipiga magoti mbele ya Célestine mmoja mmoja, wakamshika, wakalia naye. Arlène alijisogeza kwenye ukingo wa godoro, akajipangusa uso, akaweka mkono tayari. Waliomkumbuka walimpitia wakati wa kutoka.